Eti "kila mtu ana ukweli wake"? Mimi napinga, njooni tubishane

Wakuu habari zenu. Kuna kauli naona imeshika kasi sana siku hizi, mtu akibanwa kwenye hoja anajitoa na "sawa bwana, kila mtu ana ukweli wake", basi mazungumzo yamekufa hapo hapo na kila mmoja anaondoka na fungu lake kama watu waliogawana urithi. Juzi nimeambiwa hivyo na rafiki yangu ninayemheshimu, tulikuwa tunabishana nani kati yetu alivunja ahadi kwanza kwenye jambo letu la zamani, na mimi jibu lake sikulikubali na mpaka sasa hivi halijaniingia. Ndo maana naleta kwenu.

Msimamo wangu ni kwamba tunachanganya vitu viwili. Uhalisia ni jinsi vitu vilivyo, uwe umeviona au hujaviona. Ukweli ni sifa ya maneno, ya kile unachosema kuhusu hivyo vitu. Jiwe haliwezi kuwa kweli wala uongo, jiwe ni jiwe, ila ukisema "pale kuna jiwe" hapo ndo tunaweza kukuuliza kama unasema kweli au unatupiga kamba. Mwanafalsafa wa Ugiriki, Aristotle, alishalisema hili zaidi ya miaka 2300 iliyopita, kwamba kusema kilichopo kipo na kisichokuwepo hakipo ndio kweli, na kinyume chake ndio uongo. Inaonekana rahisi mpaka mtu unaona aibu kuirudia, lakini cheki kitu ambacho hakimo humo: hakuna mahali pamesema ukweli ni kile unachokiamini, au wanachokiamini wengi, au kinachokupa amani ya moyo.

Sasa niwape kisa kinachonifanya nisilale kwenye hii mada. Kulikuwa na mwanaastronomia wa Ufaransa, Le Verrier, mtu wa hesabu kweli kweli. Sayari ya Uranus ilikuwa haipiti pale hesabu za Newton zinaposema ipite, jamaa akasema basi kuna sayari nyingine huko inaivuta, akakaa na kalamu akapiga hesabu mpaka akapata mahali pa kuitafuta, akawaandikia watu wa Berlin, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 wakaelekeza darubini na wakaikuta, chini ya digrii moja kutoka alipopasema. Ndo Neptune hiyo. Fikiria mtu anaigundua sayari bila kuinua macho juu!

Miaka kumi na tatu baadaye jamaa yule yule akaona sayari ya Mercury nayo inakwenda kombo kidogo. Akatumia akili ile ile: kuna sayari imejificha karibu na jua. Na safari hii hata shahidi alipatikana, daktari mmoja wa kijijini Ufaransa aliyesema amekiona kidoa kinapita mbele ya jua, Le Verrier akamfuata mwenyewe akamhoji akaridhika, sayari ikapewa jina, Vulcan, na daktari akapewa nishani ya taifa. Mnaona? Mtaalamu bingwa, mbinu iliyokwisha kufanya kazi, shahidi, jina, na nishani juu. Kilichokosekana ni sayari tu. Kila jua lilipopatwa watu walijipanga na darubini zao, wengine wakadai wameona, wengine pembeni yao hawakuona kitu. Le Verrier alifariki 1877 bado anaamini ipo, na ilipofika 1915 ndo Einstein akaonyesha kwamba tatizo lilikuwa kwenye nadharia ya mvutano ya Newton yenyewe, hapakuwa na sayari ya kutafutwa.

Wale wa "ukweli wake" naomba mnijibu hapa: je Vulcan ilikuwepo "kwa Le Verrier"? Mimi nasema alikuwa na imani yake, tena imani yenye sababu nzuri kuliko nyingi za kwetu, lakini sayari hakuwa nayo. Ile methali ya lisemwalo lipo, mnisamehe wazee, hapa imegonga mwamba, na hata hilo la "kama halipo laja" tumesubiri halikuja.

Na msiniambie wengi wape. Mwaka 1847 pale hospitalini Vienna, Austria, daktari mmoja anaitwa Semmelweis aliwaambia madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini maana walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaenda moja kwa moja kuzalisha. Vifo vya wazazi kwenye wodi yake vilikuwa asilimia 18.3 mwezi wa nne, mwezi wa sita vikawa 2.2. Wakubwa wengi hawakumkubali, nadharia yake haikuwaingia na wengine walijisikia kutukanwa. Kura wangeshinda wao bila shida, ila kule wodini kura haikubadilisha kitu.

Kuna sehemu nawapa pointi, nisiwe mbishi wa kubisha tu. Pesa, mipaka ya nchi, ndoa, vyeo, hivi vipo kwa sababu watu tumekubaliana vipo, tukiacha wote kuamini noti inabaki karatasi. Kwahiyo kuna uhalisia unaotengenezwa na makubaliano, sikatai. Lakini hata hapo wewe peke yako huna "ukweli wako". Amka kesho uamini una mamilioni benki halafu nenda kayatoe.

Hoja nyingine naijua inakuja, eti sayansi kila siku inabadilika kwahiyo hakuna ukweli. Jamani. Newton alikosea kwa Mercury kiasi gani? Chukua digrii moja uigawe vipande 3600, hesabu ilikosa vipande 43, tena hiyo ni kwa miaka 100 mizima. Kukosea hivyo na kukosea kwa mtu anayesema dunia ni bapa unaviweka kapu moja kweli?

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu, kuna mdau kaleta hoja nzito kuliko zote, kasema hakuna mtu anayeweza kutoka nje ya kichwa chake akauone uhalisia ulivyo, kila kitu tunakiona kupitia macho na ubongo, sasa utalinganishaje kauli na uhalisia? Ndugu yangu hapa umenikalisha, nimezunguka nayo siku mbili. Naona hivi. 1903 profesa Blondlot, Mfaransa tena, alitangaza kagundua miale mipya, makumi ya wanasayansi wakasema na sisi tunaiona. Mwaka uliofuata Mmarekani Robert Wood akaenda maabara kwake, na kwenye giza akachomoa kimyakimya kipande cha aluminiamu kilichodaiwa kuipinda hiyo miale, na Blondlot akaendelea kuiona vile vile! Wood naye alikuwa ndani ya kichwa chake kama sisi wote, hakutoka nje popote, alichofanya ni kupanga hali ambayo kama miale ipo lazima kitu kibadilike, halafu akaangalia. Mimi nadhani hatuhitaji kuuona uhalisia uchi, inatosha ukiweza kutukatalia. Kama kuna shimo kwenye hilo jibu lionyeshe, sijakasirika.

Mwingine kauliza yule rafiki yangu ikawaje. Hatuna meseji, hatuna shahidi, miaka imepita. Lakini mmoja wetu alianza, hilo lilitokea kwa namna moja tu, na nikisema ukweli inawezekana kabisa ni mimi, kitu ambacho kwa lugha ya "kila mtu na wake" nisingeweza hata kukiwaza. Nimemuomba kila mmoja aandike peke yake anachokumbuka, siku, mahali, nani alisema nini, kabla hatujaongea tena, halafu tubadilishane karatasi. Amekubali ila kasema nianze mimi kumpa yangu. Hapo ndo tumekwama.