Barua ya Ebeni

JUMAPILI JIONI, KUNDI LA FAMILIA

Shangazi Arusha: Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimekaa na mume wangu tumepiga hesabu. Kila nyumba ikitoa elfu hamsini tunapata ada ya muhula wa kwanza, Ebeni aende shule ya bweni ya kulipia. Hatuwezi kumwacha mtoto anashinda barazani wenzake wako darasani.

Godi: Mimi nimo. Nitume kwa namba ipi?

Mama Ebeni: Shikamoo shangazi. Asanteni, Mungu awabariki. Ila kabla hamjatuma naomba mnisikilize. Ijumaa nimerudishwa tena na mtoto kutoka shuleni. Naambiwa darasa lina watoto zaidi ya 90, huyu hawezi kwenda na kasi ya wenzake, "mama kaa naye kwanza mpaka akomae". Ebeni ana miaka minane. Akomae lini?

Mama Mdogo Mwalimu: Walikupa barua?

Mama Ebeni: Hapana mama mdogo, maneno tu, pale mlangoni.

Mama Mdogo Mwalimu: Basi hajafukuzwa. Kesho mvalishe sare umpeleke kama kawaida.

Baba Mkubwa: Mwanangu, mtoto ana mtindio wa ubongo. Shule zetu hizi hazina wataalamu. Shangazi yako ana hoja.

Mama Ebeni: Baba mkubwa, shida iko kwenye mikono na miguu. Kichwani yupo. Juzi nimemtuma dukani na elfu mbili, vitu vya mia saba na hamsini. Mangi akamrudishia elfu moja na mia moja, Ebeni akagoma kuondoka. Mangi kuhesabu upya, mtoto yuko sahihi.

Mama Ebeni: Kinachomshinda ni penseli. Yule dada wa mazoezi ya mikono wa hospitali ya KCMC alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakizungushia kwenye penseli ikanenepa kama kidole gumba. Tangu siku hiyo anaandika jina lake lote. Mstari unapanda mlima lakini linasomeka. Shuleni ile penseli ilipotea siku ya pili, hakuna aliyeulizia. Halafu choo. Ni cha shimo, hakuna pa kushika. Sasa asubuhi hanywi chai, anasema "mama nikinywa nitataka kwenda". Mtoto anashinda na kiu ili asome.

Shangazi Arusha: Jamani 😭 Hilo la chai sikulijua.

Godi: Pole sana dada. Hivi halmashauri si wana ile asilimia kumi ya mapato yao?

Mama Mdogo Mwalimu: Ile ni mikopo Godi. Asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, wanakopa wafanye biashara. Hailipi mahitaji ya mtoto darasani. Tusipotezee muda hapo.

Rehema Leeds: Shikamooni, ndio natoka kazini, nimesoma zote. Mnajua Junia wangu naye alipita humu. Huku England kuna mpango wa kisheria wa mtoto mwenye mahitaji maalumu, umo kwenye sheria ya 2014, unaweza kumfuata mpaka miaka 25. Unaomba kwa manispaa. Ndani ya wiki 6 wakujibu kama watampima au la, na mpango wenyewe uwe umekamilika ndani ya wiki 20. Mimi walizidisha. Wakikataa unakata rufaa kwenye baraza.

Rehema Leeds: Rasimu ya kwanza waliandika "atasaidiwa inapohitajika". Nikafurahi, nikataka kusaini. Mama mmoja tuliyekutana kliniki akanizuia. Akaniambia maneno hayo hayamlazimishi mtu kitu. Waandike nani atamsaidia, saa ngapi kwa wiki, kwa kifaa gani. Tukarudisha rasimu. Leo Junia ana mtu wa kukaa naye na manispaa inalipa, kwa sababu idadi ya saa iliandikwa.

Baba Mkubwa: Huko ni Uingereza mwanangu. Hapa utaandika, karatasi italala mezani.

Mama Mdogo Mwalimu: Shemeji, nimefundisha miaka 31, na elimu maalumu nimeisomea chuo cha ualimu Patandi pale Tengeru. Kinacholala mezani ni karatasi isiyo na nakala. Sheria tunayo, Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, someni kifungu cha 27. Mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na apewe msaada unaoendana na ulemavu wake. Hapa hapa Moshi, shule ya msingi Mwereni, wasioona wanasoma pamoja na wanaoona. Shule ya msingi ya serikali haina ada. Kwa hiyo tusiombe huruma, tuombe vitu.

Shangazi Arusha: Vitu gani mwalimu? Tuandikie basi.

Mama Mdogo Mwalimu: Mama Ebeni chukua kalamu. Barua iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa, itaje Idara ya Elimu Awali na Msingi. Nakala mwalimu mkuu, ustawi wa jamii, mtendaji wa kata. Ambatisha ripoti ya KCMC, cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa. Usianze na "mwanangu ni mlemavu naomba msaada". Anza na anachoweza: anahesabu, anasoma, anaandika jina. Kisha omba: meza inayolingana na kiti chake, akae mstari wa mbele. Penseli nene tatu zikae kwa mwalimu. Bomba la kushika chooni na mtu wa kumsindikiza. Mwalimu wa elimu maalumu aje mara mbili kwa wiki, siku zitajwe. Na aandikishwe mapema kama mwenye mahitaji maalumu, maana Baraza la Mitihani linaongeza muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 masomo mengine. Asipokuwa kwenye orodha hapati.

Mama Mdogo Mwalimu: Na muhimu kuliko yote: peleka MASIJALA, pale wanapopokea barua, nakala yako igongwe muhuri na tarehe. Bila muhuri usiondoke.

Mama Ebeni: Aika mae, asante sana. Naandika usiku huu.

Shangazi Arusha: Basi michango tuitoe hivyo hivyo, ilipe boda ya kumpeleka na kumrudisha, na bomba la chooni kama watachelewa.

Baba Mkubwa: Bomba ninalo, la inchi moja na nusu, lilibaki kwenye ujenzi. Fundi namlipa mimi, mwalimu mkuu akiruhusu.

JUMANNE

Mama Ebeni: Imepokelewa. [picha]

Godi: Muhuri nauona! Tarehe inasomeka vizuri.

Mama Ebeni: Afisa wa elimu maalumu ameisoma nikiwa nimesimama. Kaniuliza nani kakuandikia, nikasema familia. Anataka kumuona Ebeni mwenyewe akiandika, Alhamisi saa tatu asubuhi. Kutoka huku hadi ofisini ni mbali na boda inamrusha sana, mgongo unamuuma.

Baba Mkubwa: Saa mbili kamili nitakuwa getini na gari. Mwambie anywe chai, tutasimama njiani popote atakapotaka.