Naomba ushauri: kitufe cha chini hakitulii kwenye simu

Habari zenu wakuu. Nimekwama kwenye CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa wa wavuti), naomba msaada.

Nina ukurasa wa duka dogo la vitenge. Chini kuna mstari wenye jumla ya bei na kitufe cha "Agiza", nimeuwekea position: fixed, bottom: 0, width: 100%, yaani ugande chini ya kioo kwa upana wote hata ukurasa ukisogezwa. Kwenye kompyuta hauna neno. Kwenye simu ndiko kwenye vituko.

Mteja akigusa kisanduku cha kuandika namba yake, kibodi inapanda na kuufunika mstari wote, iPhone na Android vilevile. Lakini kinachoniumiza kichwa zaidi ni hiki: menyu ya pembeni ikiwa wazi, mstari hauking'ang'anii tena kioo, unapanda na kushuka pamoja na ukurasa. Menyu hiyo inasukuma pembeni div (kisanduku cha HTML) inayobeba kila kitu kwa transform: translateX(240px), yaani pikseli 240, na mstari umo ndani yake.

Meta ya viewport (agizo linaloiambia simu ukurasa uenee vipi kwenye kioo) ipo, ina width=device-width na viewport-fit=cover. Kuongeza env(safe-area-inset-bottom), yaani nafasi salama ya chini ya kioo, kwenye padding kumeokoa kitufe kisikae juu ya kile kistari cha chini cha iPhone. z-index (inayoamua kipi kikae juu ya kingine) ya 9999 haikubadili chochote, wala kutoka 100vh kwenda 100dvh (vipimo vya urefu wa kioo) hakukusaidia upande wa kibodi.

Je, nikiutoa mstari nje ya hiyo div utatulia, au niachane na transform nitumie left kuisogeza div? Na kwa kibodi, kuna njia ya CSS tupu, au lazima nisome visualViewport (sehemu ya ukurasa inayoonekana kwa wakati huo) kwa JavaScript? Wateja wangu wengi wana simu za bei nafuu, sipendi kuzibebesha skripti nzito.