Halmashauri ilihamisha walimu, sasa inataka kufunga shule yetu eti wanafunzi ni wachache!

Wakuu, nimechoka kunyamaza.

Alhamisi ijayo Baraza la Madiwani la halmashauri yetu linakaa, na mojawapo ya ajenda ni kufunga shule ya msingi ya kijiji chetu. Sababu iliyoandikwa kwenye makabrasha: wamebaki wanafunzi 96, wahamishiwe shule jirani. Hiyo shule jirani iko kilomita 7, ng'ambo ya mto.

Hao 96 wamefikaje kuwa 96? Mwaka 2019 tulikuwa na walimu 6 na watoto 200 na ushee. Mwalimu mmoja akastaafu, hakuletwa wa kuziba pengo. Wawili wakahamishiwa shule za karibu na mjini, mwingine akamfuata mumewe. Leo wapo wawili, kuanzia awali mpaka darasa la saba! Mmoja akiitwa semina, watoto wanashinda uwanjani. Kila mzazi mwenye ndugu kata nyingine akahamisha mwanawe. Hata mimi wangu wa kwanza nilimpeleka kwa shangazi yake, na roho iliniuma. Mmetunyima walimu, watoto wakapungua, halafu upungufu huohuo mnaufanya sababu ya kutufungia.

Wanasema wanabana matumizi. Matumizi yapi? Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na inayoingia shuleni ni 6,000. Kwa watoto 96 ni 576,000 mwaka mzima, na wakihama inawafuata hukohuko. Mishahara? Walimu wale wawili watalipwa popote watakapopelekwa. Madarasa tulijenga wenyewe: kila kaya ilitoa tofali 100 za kuchoma, akina mama wakapanda na ndoo za maji kutoka bondeni, marehemu baba yangu alikuwa kwenye kundi la kuchimba msingi.

Sasa huo mto. Masika haupitiki. Machi nilimvusha binti yangu wa mwisho kwenda zahanati, ana homa, nimembeba mabegani, kadi ya kliniki kaishikilia juu ya kichwa chake isilowe. Maji yalinifika kifuani. Mtoto wa darasa la kwanza, miaka 6, atavushwa na nani saa 12 asubuhi, kila siku?

Na serikali hiyohiyo, mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO, ilijenga madarasa 3,000 kwenye shule shikizi, zile shule ndogo zilizo chini ya shule mama, ili watoto wadogo wasitembee mbali. Halmashauri yetu inarudisha watoto kulekule walikotolewa wenzao.

Mkutano mkuu wa kijiji haukuitishwa. Mwenyekiti wa kijiji amesikia kwa watu. Afisa elimu kata alikuja mara moja, akahesabu madawati, akapanda pikipiki akaondoka. Diwani tuliyempigia kura hapokei simu.

Kikao cha baraza ni cha wazi na tunakwenda. Tumeshachanga nauli ya Kosta. Tunataka ajenda iondolewe, mkutano mkuu uitishwe, na walimu wanne waliopungua warudishwe kabla mtu hajatuhesabia watoto.

Mwenye kujua namna ya kupeleka pingamizi TAMISEMI kabla ya Alhamisi, tafadhali aandike hapa leo. Muda hatuna.