Mjadala: Maandalizi ya ufunguzi yanaua ubingwa wa dunia wa chesi, au ni sehemu ya ubingwa wenyewe?

Farasi wa Pembeni (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kila pambano la ubingwa wa dunia wa chesi linapokaribia, hoja ni ileile: hatua 15 au 20 za mwanzo hazichezwi tena na wachezaji, zinachezwa na kompyuta na kundi la wasaidizi waliojifungia mahali kwa miezi, na bingwa anakuwa yule mwenye kumbukumbu kali na mfuko mnene. Dawa wanayoipigia debe ni kupanga kete za nyuma kwa bahati nasibu, yaani ile chesi aliyoitangaza Bobby Fischer kule Buenos Aires mwaka 1996, yenye mipangilio 960. Mimi napinga. Natoa sababu zangu, halafu mnichane.

Ushahidi wao mkubwa ni London 2018. Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walicheza michezo 12 na yote ikaisha sare, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya ubingwa. Carlsen akaja kumaliza kazi kwenye michezo ya haraka, 3-0. Watu wakatangaza msiba: injini, yaani programu za kompyuta zinazocheza chesi, zimeimaliza chesi.

Haya, tazameni kilichofuata, na injini zimeendelea kuwa kali mwaka hadi mwaka. Dubai 2021, michezo 11, minne ikapata mshindi. Astana 2023, michezo 14, sita ikapata mshindi. Singapore 2024, michezo 14, mitano. Kama maandalizi ndiyo yanayozaa sare, mbona michezo yenye mshindi haikubaki sifuri kama London?

Kilichotokea ni kwamba maandalizi yamebadilika sura. Zamani ulitafuta hatua mpya ya kummaliza mtu palepale. Siku hizi injini inakwambia karibu kila kitu ni sare kwa mtu anayejua kujilinda, kwa hiyo wasaidizi wanatafuta njia ambayo si bora sana ila mpinzani hajaikagua. Ding Liren alipocheza na Ian Nepomniachtchi kule Astana, mchezo wa 2 alisukuma askari h3 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni; huu ni wa pembeni) kwenye hatua ya nne tu. Ukumbi ulishangaa. Mchezo ule alipoteza, lakini hakuogopa. Mchezo wa 6 akaja na mfumo wa London, ambao vilabuni tunauita ufunguzi wa wavivu, akashinda kwa kumfungia mfalme wa mwenzake asipate pa kutokea. Mchezo wa 12, akiwa nyuma kwa pointi moja, akaleta ufunguzi wa Colle, kitu ambacho watu wa daraja lile walishakiweka kabatini. Akashinda tena. Hapo ufunguzi ulimpa kitu kimoja tu: ubao ambao wote wawili walilazimika kufikiri wenyewe.

Singapore ndiyo kabisa. Mchezo wa 14, Ding na Gukesh wamelingana 6.5 kwa 6.5, kila mmoja amebaki na ngome moja, askofu mmoja na askari wachache upande wa mfalme. Gukesh ana askari mmoja zaidi, lakini ni sare ya wazi. Hatua ya 55 Ding anapeleka ngome f2 ili wabadilishane. Askofu wake yuko kule pembeni kabisa, a8. Ngome zinatoka, Gukesh anaweka askofu wake d5, na yule wa a8 hana njia ya kukwepa: naye lazima abadilishwe. Wanabaki wafalme na askari, na hesabu ya askari haina huruma. Hatua tatu baadaye Ding anasalimu amri, na kijana wa miaka 18 ni bingwa wa dunia. Niambieni ni kompyuta gani iliyoandaa hapo.

Nawasilisha.

Kete Nyeusi

Mkuu, umeandika vizuri lakini takwimu umezichambua kwa upande mmoja. Dubai michezo mitano ya mwanzo yote ilikuwa sare. Ukuta ulianguka mchezo wa 6, ule wa hatua 136, mrefu kuliko wote katika historia ya ubingwa, karibu saa nane mezani. Baada ya hapo Nepomniachtchi, mpinzani wa Carlsen, alipasuka kichwani, akaanza kufanya makosa ambayo hata sisi wa simu tungeyaona. Huo ni uchovu na msongo. Sasa unachukua makosa ya binadamu aliyechoka unayaita ushindi wa maandalizi?

Na hela hujaigusa kabisa. Kwa pambano lile la Dubai ilitangazwa kwamba timu ya Nepomniachtchi inatumia kompyuta kubwa ya taasisi ya Skoltech kule Urusi, inaitwa Zhores. Sofia 2010 Topalov, akipambana na Anand, alikuwa na mashine nyingi zilizounganishwa zikichambua usiku na mchana. Anand, aliyeshinda, baadaye akasema alisaidiwa na Kasparov, Kramnik na Carlsen. Hebu fikiria: bingwa mstaafu, bingwa mwingine mstaafu na bingwa mtarajiwa, wote nyuma ya mtu mmoja. Mchezo wa mtu mmoja kwa mmoja uko wapi hapo?

Mtoto wa Tandale

Mwenzenu nimejifunza ufunguzi wa Sisilia hatua kumi kwa wiki nzima, jana jamaa kaanza na askari a4. Nimebaki namwangalia tu. 😂

Mzee wa Drafti

Vijana, mnabishana kana kwamba jambo hili ni jipya. Drafti wanayocheza Marekani na Uingereza, si hii yetu ambayo kingi anaruka kutoka mbali, ilipata ugonjwa huuhuu kabla chesi haijaupata. Mabingwa walijua funguzi zote, mashindano yakawa sare juu ya sare. Walichofanya tangu miaka ya 1930 ni kuandika hatua tatu za mwanzo kwenye karatasi na kuzipigia kura ya bahati nasibu. Ukiokota karatasi, unacheza hivyo upende usipende, kisha mnabadilishana rangi ili haki itendeke. Mchezo ukaishi miaka mingi zaidi.

Mwisho wake mnaujua? Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walithibitisha kwa kompyuta kwamba mchezo ule pande zote zikicheza bila kosa ni sare. Na bado watu wanaucheza. Kwa hiyo mimi siko na mleta mada wala siko na watu wa 960. Acheni kete zikae mahali pake, pigeni kura ya hatua chache za mwanzo. Mashindano ya injini za chesi zenyewe yanafanya hivyo, injini zinapewa ufunguzi na kila moja inaucheza kwa nyeupe na kwa nyeusi, maana zikiachwa zichague zenyewe mtakesha na sare.

Binti Sataranji

Nawasoma kutoka Nairobi. Naomba nitofautishe vitu viwili ambavyo mnavichanganya.

Mashindano ya kawaida, haya tunayocheza wikendi, orodha ya nani anakutana na nani inatoka muda mfupi kabla ya raundi. Unapata nafasi ya kuangalia michezo miwili mitatu ya mpinzani kwenye simu ukiwa foleni ya chai, basi. Ufunguzi wako ni ule unaoujua siku zote. Pambano la ubingwa ni mnyama mwingine: mpinzani mmoja, unamjua miezi kabla, michezo 14. Hakuna mashindano mengine duniani yanayolipa maandalizi kiasi hicho. Kwa hiyo ukiniuliza kama maandalizi yanaharibu chesi, nitasema hapana. Ukiniuliza kama muundo wa pambano umeyapa uzito kupita kiasi, nitasema ndiyo.

Na kwa upande wa hela, kaka Kete Nyeusi, kuna jambo limekupita. Stockfish, injini kali kabisa, ni ya bure. Ile programu iliyo kwenye simu yangu inamshinda Carlsen. Mtoto wa Kampala au Kisumu leo anaweza kuukagua ufunguzi wa bingwa wa dunia dakika ileile unapochezwa. Miaka ya 1980 angepata wapi? Wakati ule maarifa ya ufunguzi yalikuwa kwenye madaftari ya shule ya Kisovieti, na ukiwa nje ya hapo umekwisha. Pengo lililobaki kwetu ni makocha na nauli za kwenda kucheza nje. Ukipanga kete kwa nasibu, hilo pengo unaliacha palepale.

Kete Nyeusi

Dada, injini ya bure sawa, lakini injini haikwambii mpinzani wako anaogopa nini. Hiyo ndiyo kazi ya wasaidizi, na wasaidizi wanalipwa. Rapport akiwa upande wa Ding, Gajewski akiwa upande wa Gukesh, hao si watu wa kuokota.

Ngome ya Kale

Mimi kinachonikera ni siri na uvujaji wa siri. Mwaka 1986 Kasparov alipoteza michezo mitatu mfululizo kwa Karpov, ya 17, 18 na 19, akamtuhumu msaidizi wake Vladimirov kwamba anauza funguzi kwa wapinzani. Mwenyewe alikana, na aliondoka kwenye timu. London 2018 klabu ya St. Louis iliweka video ya mazoezi ya Caruana, watu wakasimamisha picha wakaona kwenye skrini funguzi alizokuwa anaziandaa. Video ikafutwa haraka lakini nani hakuiona? Astana 2023, katikati ya pambano, watu wakagundua kwenye Lichess, tovuti ya kucheza chesi, akaunti zenye michezo ya mazoezi ya Ding na Rapport. Yaani shabiki aliye nyumbani anaweza kuvuruga kazi ya miezi. Pambano likifikia mahali ambapo siri ni nusu ya nguvu zako, hiyo inakuwa kazi ya majasusi.

Farasi wa Pembeni (mleta mada)

Ngome ya Kale, umemtaja Ding bila kumalizia. Siri zake zilianikwa hadharani na bado alichukua taji. Hapo wewe ndiye umenipa hoja.

Kete Nyeusi, sijasema wasaidizi hawana maana. Nasema kazi yao tangu zamani ni sehemu ya ubingwa, na baadhi ya michezo mizuri kuliko yote imetoka humo. New York 1995, Anand ametoka kushinda mchezo wa 9 baada ya sare nane. Mchezo wa 10 anarudia ufunguzi wa Ruy Lopez ya wazi aliyoicheza mchezo wa 6. Kasparov anacheza askofu c2 hatua ya 14, wazo la marehemu Tal, bingwa wa zamani, kisha anaiacha ngome yake ya a1 iliwe. Anand anafikiri muda mrefu, Kasparov anajibu haraka, anatoka, anarudi. Ni ukatili, ndiyo, lakini kuona kwamba ngome ile inaweza kuachwa kunahitaji mtu. Miaka mitano baadaye Kasparov huyohuyo akakutana na dawa yake. London 2000 Kramnik alikuja na ulinzi wa Berlin: malkia wanatoka ubaoni hatua ya 8, mfalme mweusi hawezi tena kuruka na kujificha nyuma ya ngome yake, vitabu vilisema nyeupe yuko vizuri. Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja kati ya 15. Kramnik hakukariri tu. Aligundua mahali ambapo bingwa mkali wa mashambulizi hapapendi, akampeleka huko karibu kila alipoanza na askari wa mfalme.

Mkipanga kete kwa nasibu mnaifuta hadithi hiyo yote. Sikatai Carlsen anafurahia chesi ya Fischer, na alishinda Weissenhaus 2024 ambako wachezaji walioneshwa mpangilio dakika chache kabla. Ni mashindano mazuri. Yawe na taji lake, hili letu waliache.

Mzee wa Drafti, kura yako ndiyo pendekezo pekee hapa linalonisumbua, kwa hiyo nakuuliza: karatasi inaokotwa lini? Ikiokotwa jioni kabla ya mchezo, wasaidizi wote na mashine zao wanakesha, na mwenye mashine kubwa anafaidi zaidi kuliko sasa. Ikiokotwa mezani, sawa, lakini umesema lazima mbadilishane rangi kwenye ufunguzi uleule. Mchezo wa kwanza mnacheza leo, wa pili kesho, katikati kuna usiku.

Mzee wa Drafti

Yote miwili siku moja, asubuhi na jioni. Sisi ndivyo tunavyocheza.

Binti Sataranji

Mzee, mchezo mmoja wa ubingwa unaweza kwenda saa sita, saba. Miwili kwa siku ina maana muda wa kufikiri unakatwa nusu. Hapo umeondoa maandalizi ukaleta makosa ya haraka, na nina uhakika Kete Nyeusi atarudi kutuambia kwamba hayo nayo si chesi.

Kete Nyeusi

Nitarudi, ndiyo. Lakini dakika 90 kila mmoja zinatosha, na sijaona mtu humu aliyeeleza kwa nini hazitoshi.