Tuwasaidieje wahadhiri wa sayansi kimu kufanya utafiti?

Mkuu wa Idara: Ndugu wanataaluma, wahadhiri wetu wa sayansi kimu hufundisha nadharia, husimamia vitendo vya mapishi na ushonaji, kisha hukagua wanafunzi walioko mafunzoni, hata muda wa utafiti huisha kabla haujaanza. Naomba ushauri: tuanzie wapi?

Mhadhiri Mwandamizi: Anzeni na muda, Mkuu. Saa za vitendo zihesabiwe kikamilifu katika mzigo wa kufundisha, kwa kuwa mara nyingi huhesabiwa pungufu ya saa za mhadhara, ilhali mwalimu huandaa vifaa kabla ya kipindi na kuvisafisha baadaye. Kwa maoni yangu, hiyo ni dhuluma.

Mtafiti wa Lishe: Nakubaliana na mwenzangu, ila fedha za kudumu nazo ni muhimu. Nchini Marekani, Sheria ya Purnell ya mwaka 1925 iliruhusu fedha za serikali kuu zilizopewa vituo vya majaribio ya kilimo zitumike pia katika utafiti wa sayansi kimu, na kwa msaada huo wanataaluma walichunguza lishe, vitambaa na namna kaya zinavyotumia muda wake.

Mkuu wa Idara: Nashukuru sana. Na mhadhiri chipukizi asiye na ruzuku?

Mhadhiri Mwandamizi: Aunganishwe na watafiti wa kilimo, afya na uchumi, lakini awe mtafiti mwenza tangu pendekezo linapoandikwa, asiitwe mwishoni kukusanya takwimu tu.