Naombeni ushauri: niandike Zeu, Zeus, Zeusi au Jupita?

mfasiri_njaa:
Wakuu heshima kwenu. Nimepewa kazi ya kutafsiri kitabu cha hadithi za Wagiriki wa kale, cha watoto wa darasa la tano hivi, zile za radi na mlima Olimpo, sasa nimekwama kwenye jina la bosi wao. Nilianza na Zeus, mhariri akanirudishia eti neno la Kiswahili haliishii na s, weka Zeusi. Nikaenda kwenye Biblia, Matendo 14, pale Listra watu wanamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, nikajua nimeshamaliza kazi. Kumbe jamaa yangu anasoma ile ya Kiingereza ya King James, mstari huohuo umeandikwa Jupiter na Mercurius! Huyu ni mungu mmoja au wawili? Kazi inatakiwa wiki hii, msinicheke.

kiti_cha_mbele:
Nimekaa hapa na kahawa yangu nasubiri wataalam.

babu_wa_kamusi:
Mdogo wangu usichanganyikiwe. Warumi walipokutana na miungu ya Wagiriki waliioanisha na ya kwao, Zeus wakamlinganisha na Jupiter, Herme na Mercurius, Artemi na Diana. Waliotafsiri hiyo King James ya 1611 walifuata mazoea ya Kilatini, za kwetu zikabaki na Kigiriki, ndo maana Matendo 19 sisi tuna Artemi wa Waefeso na wao wana Diana. Ila majina yenyewe yana undugu wa zamani sana, Jupiter ndani yake kuna "baba", na Wahindi kwenye Veda, maandiko yao matakatifu ya kale, wana Dyaus Pita, yaani Mbingu Baba, mzizi ni uleule.

Sasa kuhusu hiyo s. Kwa Kigiriki inakuja jina likiwa mtenda tu, ukitaka kusema "ya Zeus" inageuka kabisa inakuwa Dios, na Wagiriki wa leo wanamwita Dias. Kwetu Petros alishakuwa Petro, Paulos akawa Paulo, hakuna aliyelalamika. Halafu utamu uko hapa, Mgiriki wa kale akimwita huyo mungu kwa sala alisema "Zeu pater", bila s. Kwa hiyo Zeu ya kwenye Biblia sio ya kubahatisha.

ukweli_mchungu:
Mnazunguka tu. Yesu ndo Zeus huyohuyo, sikilizeni matamshi, Je-Zeus. Amkeni.

babu_wa_kamusi:
Hii hadithi kila mwaka inarudi. Yesu linatoka Iesous, na Iesous ni Yeshua la Kiyahudi limevalishwa Kigiriki. Yoshua mwana wa Nuni kwenye Agano la Kale la Kigiriki anaitwa Iesous hivyohivyo, na tafsiri hiyo ilikuwepo kabla Yesu hajazaliwa. Hiyo "Je" unayoitegemea ni mdomo wa Mwingereza, Mgiriki hakuwa nayo.

ticha_chaki:
Mimi nafundisha hao watoto. Zeusi usiiguse, nakuapia, watalichanganya na "nguo nyeusi" na darasa zima litakufa kwa kicheko, kipindi kimeisha. Andika Zeu, ila mara ya kwanza kabisa weka "Zeu, au Zeus", maana wakienda kutafuta kwenye intaneti watakutana na hiyo yenye s. Na kila lugha inajipindishia mwenyewe bwana, Mrusi anasema Zevs, Mjapani Zeusu, Mchina Zhousi, kwa nini sisi tuone aibu?

mswahili_wa_forodhani:
Nyongeza kidogo. Kama kitabu kina ukurasa wa sayari, ile kubwa kuliko zote kwetu ni Mshtarii, tumeipata kwa Waarabu. Usije ukaandika sayari ya Zeu, wazee watakushangaa.

mfasiri_njaa:
Daah asanteni sana, mhariri nimemtumia uzi wote huu. Sayari ipo kweli, ukurasa wa mwisho! Sasa yule mwanawe mwenye nguvu aliyeua simba, Herkule au Herakle?

babu_wa_kamusi:
Herkule ni mlango wa Kirumi. Ukishachukua Zeu chukua Herakle, mama wa kambo Hera, na Poseidoni wa baharini, usije ukamweka Neptuni ukurasa wa kumi.

kiti_cha_mbele:
Kahawa imeisha. Mhariri kasemaje?

mfasiri_njaa:
Kasoma. Hajajibu.