Acheni kuwabandua vinyonga wa Lushoto kwenye matawi kwa ajili ya picha!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo acha niseme.

Naishi Lushoto na napenda kutembea kwa miguu: Irente, Magamba, Mkuzi, zile njia zinazopita katikati ya mashamba ya kabichi. Napiga picha kwa simu tu. Mbega juu ya mti, hondohondo wakipita na makelele yao, ukungu ukiwa bado bondeni. Na picha za wenzangu huwa nazifungua zote. Ila hizi za vinyonga kichwani, begani na kwenye miwani zimenichosha.

Jumapili nimekuta kundi la vijana kwenye njia ya Irente. Kinyonga yuko zake kwenye kijiti cha mpera. Jamaa kamshika mgongoni, anavuta. Yule mnyama kakaza miguu yote minne na mkia kauzungusha kijitini, kijiti kinapinda, jamaa hajali, na mwenzake anapiga kelele, "Subiri kwanza, sijaanza kurekodi!" Alipobanduka alikuwa na kipande cha gome bado kwenye kucha. Wakampachika kwenye kofia ya binti mmoja. Kinywa wazi, mbavu zimetanuka, kawa mweusi tii, na wao wanashangilia eti anabadilika rangi!

Jamani, kinyonga akiwa mweusi vile na kinywa kaachama, ana hofu na hasira. Huyo anawaomba mumuache. Na mkimvuta kwa nguvu mnaweza kumvunja kidole au kumng'oa ukucha, halafu mnamtupa kichakani mnaendelea na safari. Kwa miguu hiyo atapandaje mti?

Watoto nao wameshaona dili. Wanakaa njiani na kinyonga kwenye fimbo, juani, wakisubiri mgeni atoe buku apige picha. Sina ugomvi na watoto. Anayetoa hela ndiye aliyeanzisha biashara.

Linalonitia hasira zaidi ni la kutaja mahali. Mtu anatupia picha nzuri kabisa, halafu anaweka alama ya ramani na maelezo juu: ukivuka daraja, kichaka cha kushoto, nenda usiku na tochi. Sasa mnamwelekeza nani? Usiku kinyonga analala kwenye ncha ya tawi na mwili wake unang'aa mweupe ukimulikwa, hata mtoto anamchuma. Yule mwenye pembe mbili puani mnayempiga picha kila wiki hapatikani popote duniani nje ya milima hii ya Usambara. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, lakini Januari 2021 Austria ikatangaza kwamba kwenye uwanja wa ndege wa Vienna ulikamatwa mzigo wa vinyonga 74 kutoka Usambara, wamefichwa ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Wengine walikuwa wameshakufa. Thamani iliyotajwa ilikuwa kama euro 37,000. Kwa hela hiyo, mnadhani hakuna anayepitia picha zenu?

Kuna watakaosema ni kinyonga tu, mbona vijijini watu wanampiga mawe kwa kumwogopa. Ni kweli wanampiga, na hilo nalo nalipigia kelele kila siku. Lakini wewe uliyetoka Dar kwa basi ukasema unapenda mazingira, unajilinganishaje na bibi anayemwogopa?

Mwacheni kwenye tawi lake. Simameni, subirini, baada ya muda atatulia na kuanza kuzungusha macho kutafuta wadudu, na hiyo ndiyo picha. Usiku msimmulike muda mrefu. Zimeni huduma ya mahali kwenye kamera ya simu, maana picha inabeba vipimo vya GPS ndani yake na ukiituma kama faili vinakwenda navyo. Andikeni "Usambara" basi, inatosha.

Aliyetupia picha za kofia Jumapili yumo humu, namwomba azishushe leo, pamoja na ile ramani. Na waongoza watalii: mwambieni mteja kabla hamjaanza kupanda kwamba kinyonga haguswi. Asiyetaka mrudishieni hela yake abaki hotelini.